Jiko la chumvi katika bonde la Lufira: moto, matofali na miti iliyobaki

TSHANGALELE, Haut-Katanga. – Ukizunguka vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele wakati wa jioni, utaona moshi wa namna tatu. Kuna moshi wa mafiga ya bukari, moshi wa chanja za samaki, na kule mbali moshi wa makala. Zamani katika bonde hili la Lufira kulikuwa na moshi wa namna ya nne ambao leo wakaaji wengi hawaukumbuki: moshi wa wapika chumvi. Historia ya kazi hiyo inafaa kusimuliwa sasa, kwa sababu swali lililowasumbua wapika chumvi wa zamani linasumbua kila jamaa inayopika leo, hasa zile zilizofika hapa zikiwa zimekimbia. Swali lenyewe ni hili: namna gani ya kuondoa maji mengi kwa kuni chache?

Wengi wanapotaja utajiri wa zamani wa Katanga wanataja shaba. Ni kweli, lakini shaba hailiwi. Kilichowafanya watu wa mbali wafunge mizigo na kutembea siku nyingi kilikuwa pia chumvi, ile ambayo wengi wetu tunaiita munyu. Katika bonde la Lufira, upande wa Mwashya, ardhi yenyewe ina chumvi. Maji ya chemchemi yanapanda na munyu kutoka chini, na kiangazi kinapokauka vizuri, udongo unabaki na ukoko mweupe juu. Wapelelezi na wamisionari wa Ulaya waliopita Katanga katika miaka ya 1880 na 1890 walikuta chumvi hiyo inauzwa na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine, na aliyetawala chumvi alikuwa na nguvu kama aliyetawala shaba.

Kazi ilikuwa na hatua zake. Kwanza udongo wa chumvi ulikwanguliwa na kukusanywa. Pili uliwekwa katika chujio la majani au kikapu, ukamwagiwa maji, na yale maji yakatoka chini yakiwa na munyu. Tatu maji hayo yalitiwa katika vyungu na kupikwa mpaka yakauke. Hatua mbili za kwanza zilihitaji mikono na uvumilivu. Hatua ya tatu ilihitaji msitu.

Njia ya Wayeke

Katikati ya karne ya 19 alifika Katanga mtu mmoja kutoka mashariki, upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Jina lake Ngelengwa, lakini watu wanamjua zaidi kwa jina la Msiri. Watu wake walikuwa Wasumbwa, wafanyabiashara waliofuata shaba, pembe na chumvi. Hapa waliitwa Bayeke. Msiri alijenga makao yake Bunkeya na kutawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, siku aliyouawa na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Njia hiyo ya biashara ndiyo mojawapo ya njia zilizoleta Kiswahili katika nchi hii, lugha ambayo leo inaunganisha Likasi, Kolwezi, Lubumbashi na Kalemie.

Watu wa Msiri hawakuhitaji kufundishwa thamani ya munyu. Walitoka katika nchi iliyokuwa ikipata chumvi Uvinza, karibu na mto Malagarasi, mashariki ya ziwa Tanganyika. Chemchemi za Uvinza zina maji makali ya chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale kutafuta mabaki ya zamani. Walikuta kwamba watu walipika chumvi mahali pale tangu kama miaka 1,500 iliyopita. Ardhi ilikuwa imejaa vigae vya vyungu, majivu na mabaki ya majiko.

Jambo moja la Uvinza linagusa moja kwa moja jamaa waliohama. Chemchemi zile zilikuwa na watemi wake, lakini wapikaji wengi hawakuwa wenyeji. Kila kiangazi watu walikuja kutoka mbali, maelfu kwa maelfu, wakajenga vibanda vya majani, wakapika kwa wiki au miezi, wakatoa sehemu ya chumvi kama kodi kwa watemi, kisha wakarudi kwao kabla ya mvua. Mgeni alipokelewa kwa masharti yaliyojulikana: lipa fungu lako, heshimu mizimu ya chemchemi, usiharibu kisima. Kuni alizitafuta mwenyewe.

Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Chumvi ya Uvinza haikuisha, iko mpaka leo. Kuni za karibu ndizo zilizokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, chini ya utawala wa Wajerumani, kampuni moja ilijenga pale kiwanda kilichoitwa Gottorp, chenye makarai makubwa ya chuma badala ya vyungu. Karai kubwa hula kuni kuliko vyungu mia. Kwa miaka mingi miti ya miombo ya Uvinza ilikatwa ili kuchemsha maji. Siku hizi pale Uvinza jua ndilo linalofanya kazi kubwa, katika mabwawa mapana yasiyo na kina.

Hesabu ya kuni

Ili kuelewa kwa nini msitu uliisha, tufanye hesabu ndogo. Tuchukue maji yenye gramu 100 za chumvi katika kila lita. Ili kupata kilo 1 ya munyu utahitaji lita 10 za maji hayo, na karibu maji yote lazima yaende hewani. Kilo 1 ya kuni kavu ina joto la kutosha kugeuza karibu kilo 6 za maji kuwa mvuke, kama hakuna hata chembe ya joto inayopotea. Lakini juu ya mafiga matatu, mahali pa wazi, penye upepo, sehemu kubwa ya joto inakwenda pembeni na juu. Chungu kinapata sehemu ndogo tu, mara nyingi kama sehemu moja kati ya kumi. Kwa hiyo kilo 1 ya kuni haiwezi kuondoa hata kilo 1 ya maji. Maana yake, kwa kilo 1 ya chumvi mpikaji anachoma zaidi ya kilo 10 za kuni.

Kuni mbichi zinaongeza hasara. Mti uliokatwa leo unabeba maji, theluthi ya uzito wake au zaidi. Moto unaanza kwa kukausha kuni zenyewe kabla ya kugusa chungu. Ndiyo maana moshi mzito na mweupe si dalili ya moto mkubwa. Ni kuni zinazopotea bila kuwaka.

Mafiga matatu yana sifa zake. Ni jiko la mtu aliye safarini, linajengwa kwa dakika moja na haligharimu franka. Likasi inalijua vizuri. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao, walilala nje kwenye gare ya Likasi siku nyingi wakingoja treni, na chakula chao kilipikwa juu ya mawe matatu. Zaidi ya miaka kumi baadaye, jamaa waliokimbia vita vya upande wa Mitwaba, Manono na Pweto walianza maisha mapya kwa mawe yale yale. Lakini mafiga ni ya kupita tu. Anayekaa mahali pamoja na kupika kila siku, kwa miezi na miaka, akiendelea na mafiga atamaliza miti ya jirani, na mwishoni atanunua kuni au makala kwa fedha aliyopaswa kununua unga.

Chanja la matofali

Wapika chumvi waliodumu, katika nchi nyingi za dunia, walifika kwenye jibu lilelile: kuufunga moto ndani ya kuta, na kuuinua kutoka ardhini ili upumue. Jibu hilo ni chanja la moto, yaani sakafu yenye nafasi ambayo kuni zinalala juu yake. Hewa inaingia kwa chini, inapita kati ya kuni, na jivu linaanguka shimoni. Bila chanja, kuni zinalala juu ya jivu lake zenyewe, na jivu linazima kama mchanga unavyozima.

Katanga haikuwa ngeni kwa ujuzi huu wa hewa na udongo. Wafua shaba wa zamani walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapeleka hewa ndani kwa mivukuto na mirija ya udongo mpaka malakiti, lile jiwe la kijani, likatoa shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao katika kitabu alichotoa mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba. Udongo ule ule wa vichuguu ndio unaofyatuliwa matofali leo kuzunguka Likasi na Lubumbashi. Udongo wa kichuguu ni laini, hauna mawe, unashikana vizuri na ukichomwa unakuwa mgumu. Mwenye kichuguu karibu na nyumba ana nusu ya jiko tayari.

Namna ya kulijenga si siri. Kuta mbili za matofali ya kuchoma zinasimamishwa sambamba, zikiwa karibu kiasi cha tofali moja kuweza kukaa juu yake kama daraja. Hapo inafaa kuwa makini, maana tofali lina nguvu likikandamizwa, lakini ni dhaifu likining'inia. Ukilipa nafasi pana litavunjika katikati siku ya kwanza gogo likitupwa. Ikiwa jiko ni pana, unajengwa ukuta mwingine mdogo katikati, na matofali yanapumzika juu ya kuta tatu. Matofali ya chanja yanalazwa kwa ubavu wake mwembamba, yakiachiana nafasi ya kama vidole viwili. Nafasi ikiwa ndogo, jivu linaziba. Ikiwa kubwa, makaa yanaanguka kabla ya kutoa joto lake.

Chini ya chanja linabaki shimo la jivu, lenye mdomo mbele. Mdomo huo ndio pua ya jiko. Ukiuziba na jivu, moto unakufa hata kama kuni ni kavu. Juu ya chanja ni chumba cha moto, na juu ya chumba hicho linakaa karai au pipa lililokatwa kwa urefu wake. Nyuma, moshi unapita chini ya karai mpaka mwisho wake ndipo unapanda bomba la moshi. Kama bomba liko juu ya moto moja kwa moja, joto linakimbia bila kulamba karai. Safari ndefu ya moshi chini ya karai ndiyo inayookoa kuni.

Matofali hayaunganishwi kwa saruji. Saruji inapasuka kwa moto mkali. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga unatosha, na ukipasuka unapakwa tena. Jiko jipya linakaushwa kwa moto mdogo siku kadhaa. Anayewasha moto mkubwa siku ya kwanza anageuza maji yaliyo ndani ya udongo kuwa mvuke, na mvuke huo unatafuta njia kwa kupasua kuta.

Wengine watauliza, kwa nini tofali, na vyuma chakavu vipo tele katika mji wa migodi? Kwa mpika chumvi jibu liko ndani ya karai. Maji ya munyu yanapofurika na kudondoka juu ya chuma cha moto, chuma kinaliwa haraka. Tofali linavumilia zaidi, ingawa nalo lina adui wake: chumvi ikiingia ndani na kukauka mara nyingi, inalimenya ganda baada ya ganda. Kwa hiyo matofali ya chanja hayafungwi kwa udongo. Yanawekwa tu, ili lililochoka litolewe na jipya lichukue nafasi yake bila kubomoa ukuta.

Jiko la namna hii, likijengwa vizuri, linaweza kupunguza kuni mpaka nusu au theluthi ya zile za mafiga. Kwa hesabu yetu ya juu, zile kilo 10 na zaidi zinakuwa kilo 4 au 5. Ukizidisha kwa siku za kiangazi kizima, ni kipande cha msitu kinachobaki kimesimama.

Jua kwanza

Hata jiko zuri lina mpaka. Historia inaonyesha kwamba walioshinda kweli walilipa jua kazi ya kwanza. Kule Kibiro, upande wa Uganda wa ziwa Albert, wanawake wanapika chumvi tangu karne nyingi. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye maji ya chumvi, jua linavuta maji, munyu unabaki katika udongo. Wanarudia siku baada ya siku kabla ya kuchuja. Maji yanayofika jikoni yana chumvi nyingi, kwa hiyo yanataka kuni chache. Turudi kwenye mfano wetu: jua likiondoa lita 5 kati ya 10, moto unabaki na nusu tu ya kazi.

Ufaransa nayo ilijifunza kwa gharama. Katika mji wa Salins, kupika chumvi kulimaliza miti ya jirani. Mfalme akaamuru kiwanda kipya kijengwe Arc-et-Senans, kando ya msitu mkubwa wa Chaux. Msanifu Claude Nicolas Ledoux alikijenga kati ya 1775 na 1779, na maji ya chumvi yaliletwa kwa mabomba ya miti kiasi cha kilometa 21. Walipima wakaona ni rahisi kuyasafirisha maji kuufuata msitu kuliko kuubeba msitu kuyafuata maji. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1895.

Treni, bwawa na mwisho wa wapika chumvi

Katika Katanga, kilichokuja kubadili mambo kilikuwa reli. Treni ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na katika miaka iliyofuata ikasonga mpaka upande wa Likasi. Pamoja na mashine za Union Minière ilileta chumvi ya bahari katika magunia, nyeupe na kavu. Ilikuwa vigumu kwa chungu cha Mwashya kushindana na gunia la treni.

Kisha lilikuja bwawa. Mwaka 1930 kazi ya Mwadingusha ilikamilika, mto Lufira ukafungwa juu ya maporomoko ili kutoa umeme wa migodi na viwanda. Maji yakatandaa juu ya tambarare, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Mashamba na mapori yakazama, wavuvi wakaja kutoka pande nyingi. Ndivyo eneo hili lilivyokuwa tangu mwanzo wake: mahali pa watu waliofika. Lakini umeme ulipita juu ya vichwa vyao katika nyaya ndefu kuelekea migodini, na vijiji vingi vya kando ya ziwa vikabaki na kuni mpaka leo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu leo

Si kila kazi ya zamani inapaswa kurudi. Kabla mtu hajafikiri kupika chumvi tena, mambo mawili ni ya kuzingatia. La kwanza, chumvi ya kupikwa nyumbani haina iodini iliyoongezwa, na jamaa inayokula chumvi isiyo na iodini miaka mingi inaweza kupata tezi ya shingo, na watoto kudhurika akili tangu tumboni. La pili, moto unaondoa maji peke yake. Kila kilichokuwamo ndani kinabaki katika karai na kuongezeka ukali. Mito ya Panda na Buluo inaleta katika bonde hili maji yaliyopita upande wa viwanda vya Likasi, na watafiti wamekwisha kupima shaba, kobalti na metali nyingine katika ziwa na katika samaki wake. Maji ya namna hiyo hayafai kukaushwa ili kutafuta chumvi.

Lakini jiko lenyewe ni jambo lingine. Kukausha samaki ni kazi ileile ya mpika chumvi: kuondoa maji kwa moto. Anayekausha samaki wa Tshangalele juu ya moto ulio wazi anapoteza joto kama mpikaji wa mafiga alivyopoteza. Akiufunga moto kwa kuta, akauweka juu ya chanja la matofali, akaacha samaki waliokwisha kutiwa munyu wapigwe jua nusu siku kabla ya moshi, kuni zinapungua na samaki anakuwa mkavu sawasawa. Vivyo hivyo kwa mama anayepika maharagi, na kwa anayechemsha maji ya kunywa ili watoto wasipate kipindupindu.

Kwa jamaa waliohama kuna sababu nyingine tena. Mara nyingi ugomvi wa kwanza kati ya wageni na wenyeji hauanzi kwa shamba. Unaanza kwa kuni. Wenyeji wanaona miti yao inapungua, wageni wanaona hawana njia nyingine. Uvinza ya zamani ilipokea maelfu ya wageni kila mwaka kwa sababu masharti yalijulikana mapema: fungu la mtemi, heshima ya chemchemi, muda wa kuja na muda wa kuondoka. Msitu haukuwa na sharti lake, na ndio ulioumia. Kijiji kinachopokea watu leo kinaweza kuanza pale ambapo Uvinza haikufika: wakubwa wa kijiji na wawakilishi wa wageni wakae pamoja, waseme miti ipi haiguswi, kuni kavu zinaokotwa upande gani, na majiko ya matofali yanajengwa wapi kwa kazi ya pamoja.

Gharama yake si kubwa. Ni udongo wa kichuguu, matofali, mchanga kidogo wa mto, na mtu mmoja anayejua kupanga matofali kwa nafasi ya vidole viwili. Kati ya jamaa waliofika kutoka mbali, mafundi wa matofali hawakosekani. Wakaaji wakiwauliza, kazi inaweza kuanza kiangazi hiki, kabla mvua hazijalowesha kichuguu.